Maneno ya Nyuma

Kila mkutano, mwenyekiti wa tawi akishamkabidhi mgeni kipaza sauti, alishuka jukwaani akaenda kusimama nyuma kabisa, wanakosimama wasioalikwa. Tabia hiyo hakuiacha kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata siku za kampeni. Watani wake walisema atazikwa nayo.

Mbunge alimjua tangu siku zile yeye mwenyewe alipokuwa mwalimu asiye na hata bango, anagombea kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti ndiye aliyempa kona ya duka lake iwe ofisi, kati ya marobota ya vitambaa na pasi ya mkaa. Tangu hapo, kila baada ya mkutano, mbunge alipita dukani, akavua viatu, akakalia benchi la wateja, na mwenyekiti akamletea maneno ya kule nyuma bila kuyapunguza wala kuyapamba. Wamesema unaongea kama unasahihisha madaftari. Wamesema ile barabara uliyoahidi labda umeihamishia kwenu. Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa akitia vifungo, alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Mbunge naye alicheka, kisha akaandika. Alimwita mwenyekiti kaka, na mwenyekiti, watu wakishaondoka, alimwita dada.

Ndipo akafariki kiongozi wa akina mama wa tawi, yule aliyewapikia kampeni nzima ya kwanza. Mbunge alifika mbiombio akitokea msiba mwingine, akapokea karatasi kwa msaidizi wake, akasoma. Alisoma sentensi nne nzima za kumsifu mzee wetu, mwashi hodari, baba wa watoto saba, kabla ya kuinua macho. Ilikuwa karatasi ya msiba wa asubuhi.

Jioni alipita dukani, amejiandaa kwa matusi.

"Wamesemaje, kaka?"

"Hawakusema kitu."

Mwenyekiti alikunja kipande cha kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akatoa la moyoni. Kura za maoni za chama zilikuwa miezi miwili mbele, na yeye aliyemnadi mara nne, safari hii hatampigia kura.

"Umechoka, dada. Ukipumzika sasa, watakukumbuka kwa mazuri."

Mbunge alivaa viatu vyake taratibu, kimoja kimoja.

"Nimekusikia, mwenyekiti," akasema, na mke wa mwenyekiti akaacha kushona, kwa maana hakuwahi kumsikia akimwita hivyo mle dukani.

Aligombea, akashindwa. Kwa mwaka mmoja na nusu akawa anazunguka barabara ya juu ili asipite mbele ya lile duka. Alijiaminisha kwamba kura moja ya fundi cherehani ndiyo iliyomwangusha, ingawa alishindwa kwa kura sitini, na hesabu ndilo somo alilokuwa akifundisha.

Mke wa mwenyekiti ndiye aliyempigia simu. Hakuwa na mengi. Wifi, alisema, kaka yako hali si nzuri, njoo.

Alikwenda, akamkuta kwenye chumba cha nyuma ya duka, amekonda, mikono imelala juu ya shuka kama si yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Walizungumzia wajukuu, wakazungumzia mguu wa cherehani uliolegea. Mwishowe mbunge wa zamani akauliza lililomkaa kooni muda wote huo: kwani angeshindwa nini kumdanganya tu, amwambie atampigia kura, halafu afanye atakavyo? Kura ni siri, nani angejua?

Mwenyekiti alifumba macho, mgeni wake akadhani amepitiwa na usingizi. Alfajiri iliyofuata alifariki, kwa hiyo jibu alilompa ndilo la mwisho alilolisikia kinywani mwake.

"Hata ukiniuliza leo, dada, nitakujibu vilevile. Ila kesho usikose kuja."