Pete ya Shingoni mwa Gottlob

Gottlob aliletwa kwenye kasri la Falkenried akiwa mtoto, zawadi ya mfanyabiashara wa Amsterdam aliyetaka kibali cha kuuza sukari. Mama yake alimwita Kwabena. Mchungaji akambatiza Gottlob, na sonara akamfungia shingoni pete ya fedha yenye nembo ya mfalme. Mbwa wa kuwindia walikuwa nazo pia, ila za ngozi. Watu walisema mtoto kaanza vizuri.

Akapanda cheo. Alibeba kahawa, akapiga tarumbeta, akajifunza Kifaransa na kunyamaza, na hicho cha mwisho ndicho kilichompandisha zaidi. Mimi nilikuwa napiga pasi mashati ya mfalme, kwa hiyo nilimwona akifika kileleni: mtumishi mkuu wa chumba cha kulala, ambaye hata mabalozi walimwinamia.

Lakini alimpenda Dorothea, binti wa Mzee Hartwig mshona glavu.

"Mwanangu, sina neno na rangi yako," Hartwig alimwambia. "Ila binti yangu simwozeshi mali ya mtu. Ivue hiyo pete, kesho tunakula keki ya harusi."

Kwetu, siku ya kuzaliwa ya mfalme, anayemvisha shati huruhusiwa kuomba jambo moja, mara moja tu maishani. Gottlob aliingoja zamu hiyo miaka mingi. Nilimkabidhi shati likiwa bado na joto la pasi.

"Omba shamba," nikamtania.

"Nilime na nani, dada Lisbeth?"

Akapiga goti. "Mtukufu Mfalme, naomba niondolewe pete hii ya fedha."

Mfalme akatokwa na machozi. "Nimekuwa kipofu! Mtu wa cheo chako kuvaa fedha! Sonara aitwe, amtengenezee ya dhahabu!"

Gottlob alifungua kinywa, akakumbuka ombi lake limekwisha, akakifunga. Sisi tukapiga makofi. Mimi pia, ilikuwa kazi.

Alipoteremka mjini, pete ilikuwa inang'aa. Mzee Hartwig aliizungusha kwa kidole.

"Inafunguliwa wapi?"

"Imechomelewa."

"Kazi safi," mzee akasema. Akammiminia bia na, kwa mara ya kwanza, akamwita mheshimiwa. Dorothea alitoka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Mwaka huohuo akaolewa na mwoka mikate.

Gottlob alimvisha mfalme mashati mpaka akazeeka. Alipokufa, nilikuwa nikiuosha mwili wake, sonara akaingia na msumeno mdogo, maana mavazi ya kasri hurudi kasrini. Hakukawia, dhahabu ni laini. Chini yake ngozi ilikuwa nyororo, kama ya mtoto. Nikamfunga kitambaa shingoni kabla Dorothea hajaingia kumuaga.