Nilitafsiri filamu nisiyoielewa, sasa mama amekataa msiba wa kaka yangu

Admin, nifichie jina, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, nina mke na watoto wawili, naishi Nachingwea mjini. Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza, yaani banda la video. Nakaa pembeni ya TV na maiki, wazungu wanaongea yao, mimi nawaambia watu kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, na chenyewe sikukimaliza. Filamu za ngumi hazina shida, mtu akikunja ngumi kila mmoja anajua anasema nini.

Nina kaka mmoja tu, ndiye mkubwa wangu. Alivuka Ruvuma kwenda machimbo ya dhahabu Msumbiji, mkewe na mtoto akawaacha kwa mama yetu, kijijini Matambarale. Mwaka ukaisha, hakuna barua wala salamu. Mama akaja kwangu mjini amekonda, chakula anakisukuma pembeni.

Siku hizo bosi wangu alileta DVD mpya, kwenye kava kuna nyota na mtu amefumba macho. Tukajua ni ya uchawi, watu wakajaa. Kumbe wapi! Wazungu wamekaa kwenye viti wanaongea tu. Mara vinatokea vidude kama punje za mtama vinapenya ukuta, mara mwanamke anafumba macho anatabasamu. Nilichoambulia ni sayansi, roho na Mungu. Watu wakaanza kupiga miluzi. Nikamwona mama kwenye benchi la mbele, haangalii TV, ananiangalia mimi. Kwetu tunaongea Kimwera, Kiswahili chenyewe mama kajifunzia sokoni. Nikaamua kutafsiri kwa ajili yake.

Nikasema kwenye maiki: "Huyu profesa anasema, kitu ambacho hakuna aliyeuona mwisho wake, hakijaisha. Kinaweza kuwa huku na kule kwa wakati mmoja. Anayekwenda kukitazama ndiye anayekimaliza."

Nilitunga, ndugu zangu. Siku ile mama alikula ugali akamaliza, nami nikajiona mtoto wa maana.

Haikupita miezi miwili, vijana wawili waliokuwa na kaka wakaja Matambarale na koti lake. Wakasema shimo lilimwangukia, wakamfukua, wakamswalia na kumzika hukohuko. Wanawake wakaanza kulia. Mama akasimama katikati ya uwanja: "Nyamazeni! Mmeleta koti, mwanangu hamjamleta. Profesa kasema asiyetazamwa hajaisha."

Shehe akamweleza kwamba mashahidi wapo, hitima isomwe, naye shemeji yangu, mke wa kaka, akae eda. Mama akajibu kwamba atakayetandika jamvi la msiba kwenye uwanja wake, huyo ni adui yake mpaka kufa. Wazee wakamstahi, wakaondoka.

Nikamwita ndani nikamwambia ukweli. "Mama, yale maneno ya profesa niliyatunga mimi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Wewe shule uliikimbia, maneno makubwa vile ungeyatoa wapi?"

Jamani, nilitamani kujipiga makofi. Miaka yote naongopa kwenye maiki watu wananiamini, siku nasema kweli mama mzazi ananiona muongo.

Sikukata tamaa. Nikampa DVD ile mwalimu wa fizikia, akaiangalia yote, nikaenda naye mpaka Matambarale amweleze mama kwamba nilipotosha. Mwalimu akakohoa, akasema: "Kusema kweli, mama, kijana hakukosea sana. Wanasema chembe, kabla haijapimwa, huwezi kusema iko hapa au iko pale. Lakini hizo ni chembe ndogo kuliko vumbi, siyo binadamu. Na hao wa kwenye filamu wamechanganya sayansi na mahubiri."

Mama aliishia kusikia "hakukosea". Yaliyobaki hakuyataka. Mwalimu akafungiwa na kuku wa kuondoka naye.

Huu ni mwaka wa tatu. Shemeji yangu si mke wala si mjane. Anapalilia, anavuna ufuta, anarudi nyumbani. Siku moja aliniambia: "Shemeji, mimi sitafuti mume. Nataka nijue, nilie au nisilie? Nikilia, mama anasema namuua mwanawe. Nikicheka, majirani wananisema."

Mwaka huu shehe akamwendea mama tena, ndipo akalegea kidogo. Akaniambia: "Haya, nenda wewe. Ukiliona kaburi kwa macho yako, nitakaa jamvini."

Nikaenda. Nikavuka, nikatembea, nikafika machimboni. Mzee mmoja wa pale alimfahamu kaka, akaninyooshea kidole: "Pale, nyuma ya kile kisiki." Hata hatua mia hazifiki.

Hapa ndipo penye siri yangu, hata mke wangu haijui. Sikwenda. Mimi niliyeyatunga yale maneno kwa mdomo wangu, nilisimama pale nikaona nikishatazama tu, kaka yangu ndiyo basi. Nikageuza. Nyumbani nikasema mahali penyewe sikupaona. Mama akapiga vigelegele. Shemeji akaingia jikoni kusonga ugali.

Najichukia. Nimewahi kumtukana mama moyoni kwa kuamini upuuzi, kumbe naye kanizaa na akili ileile. Kurudi kule naogopa. Kusema nimeliona kaburi wakati sijaliona, nimechoka kutafsiri nisichokijua.

Jana shemeji aliazima simu kwa jirani akanipigia. Hakunisalimia. Aliuliza tu: "Shemeji, hivi ulifika?" Nikakata, nikasingizia mtandao.

Leo kapiga tena mara mbili, sijapokea. Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini?