Fundo la Zuhura

Mama alinituma Johannesburg kwa jambo moja tu: nimletee mjukuu wake. Zuhura, binti wa dada yangu Mwanaidi, alizaliwa huko, na bibi yake hajapata kumtia machoni. Ilikuwa Desemba ya 2017, shule zimefungwa. Nikaondoka Tanga nikijigamba kwamba kazi yenyewe nyepesi.

Dar, Tunduma, Lusaka, Harare, Beitbridge. Basi likanitia ganzi makalio, hata kwenye foleni ya mpakani nilifurahi kusimama.

Bellevue, mtaa wa Johannesburg, nilifika mchana. Dada anakaa chumba kimoja katika nyumba kuukuu iliyogawanywa. Alinipikia wali wa nazi ya kopo, akanitania kwamba nimeota kitambi. Zuhura akanisalimia kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema hathubutu, na safari hataki kuisikia. Dada akaninong'oneza kuwa watoto wa wageni wenzao Waswahili walishamcheka anavyokiongea, sasa anaogopa bibi naye atamcheka. Roho iliniuma.

Kesho yake tukaenda sokoni Newtown. Nilipochoka nikakaa, Zuhura akasema, "Let's hit the road, mjomba." Nikamuuliza barabara imekosa nini hata ipigwe. Akaeleza kwamba maana yake ni tuondoke. Mwalimu wao alisema huenda ilitokana na kwato za farasi kuipiga barabara. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Eish, alicheka mpaka machozi.

"Haya, umenicheka," nikamwambia. "Mbona sijafa?"

Akaketi kando yangu. Halafu akataka kujua sisi tunasemaje. Tunafunga safari, nikamwambia. Zamani watu walitoka pwani kwa miguu hadi bara, mizigo kichwani, na mzigo usiofungwa kamba haufiki. Ukimwona mtu anafunga mzigo wake, ujue ameshaamua kwenda.

Asubuhi ya kuondoka nikakuta begi la Zuhura mlangoni, limezungushiwa kamba, fundo juu ya fundo. Dada alikuwa anajifuta macho kwa khanga. Mimi nikajifanya natafuta viatu.

Tanga, barazani kwetu, Mama alihangaika na ile kamba. Kucha zikashindwa, akalitia fundo meno.

"Nani kafunga hivi?"

Zuhura aliniangalia, kisha akamsogelea.

"Ni mimi iko nafunga safari, bibi."

Mama alicheka, tena sana, huku amemkumbatia. Zuhura akacheka kumshinda.