Bolti Sita za Tapeti Kava

Mimi ni mtu wa kushuku. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na sijawahi kukasirika wakisema hivyo, kwa sababu nyumbani kwetu kesi ya kuku ilikuwepo kweli, na tulishinda. Kwa hiyo gari lilipovuja oili tena, na lilikuwa limeshatengenezwa mara mbili, sikuhangaika kutafuta sababu. Nilitafuta mtu.

Lenyewe ni gari dogo la zamani ambalo baba yangu alilinunua alipoacha kuendesha malori. Juu ya injini yake kuna mfuniko wa bati ambao mafundi huuita tapeti kava, umeshikwa na bolti sita, na chini yake kuna gasketi ya kuzuia oili isitoke. Gasketi ikishindwa, oili inachuruzika ubavuni mwa injini mpaka kwenye eksozi, na ukiwa unapanda mlima unaanza kusikia harufu ya kuungua. Niliisikia kwa mara ya kwanza Jumapili moja nikielekea Myamba kanisani. Nilifungua vioo vyote nikaendelea kupanda huku nikikohoa.

Fundi wangu ana gereji ya mabati kando ya barabara kuu hapa Same. Ananizidi umri, kwa hiyo nilikuwa nampa shikamoo yake kila nikifika. Mara ya kwanza alifungua kava, akanionyesha gasketi iliyobanwa mpaka ikapasuka, akaweka mpya. Baada ya majuma mawili harufu ikarudi. Mara ya pili alipitisha dole gumba ukingoni mwa kava, taratibu, akazijaribu bolti moja moja kabla ya kuzifungua.

"Mwalimu," akaniuliza, "kuna mtu mwingine anayeigusa hii injini?"

"Nani aiguse? Nyumbani tupo mimi na baba tu."

Akanyamaza, akainama tena kwenye kazi yake. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na mtoto aliyenyamaza namna ile mara nyingi alikuwa na peni ya mwenzake mfukoni. Nikamhukumu papo hapo.

Mara ya tatu sikumwamkia. Nilimwambia "habari za kazi" kama unavyomwambia mtu wa rika lako, naye akaitikia "nzuri" bila kubadilika uso. Nilikuja na kigoda changu, nikaketi karibu na tairi la mbele mpaka amalize. Kisha nikatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, nikachora mstari kwenye kila bolti, kutoka kichwani mwa bolti mpaka kwenye bati la kava. Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika.

"Nimeweka alama, fundi," nikasema, na kulikuwa na wateja wanne pale. "Safari hii tutamjua anayenichezea."

Watu wakacheka. Yeye akafuta mikono kwa kitambaa. "Sawa, mwalimu."

Sikuishia hapo. Niliwaambia wanawake wawili tunaoimba nao kwaya kwamba yule fundi anaharibu makusudi ili urudi kwake. Nikamwambia na fundi wa pancha aliye karibu na stendi, ambaye huzungumza na kila dereva. Nyumbani nikaanza kuandika malalamiko ya kupeleka baraza la kata, kwenye daftari, kwa mwandiko wa ubaoni. Nilijua ninachomnyang'anya. Katika mji mdogo kama wetu fundi anakula kwa jina lake, na jina likichafuka, gereji inabaki mabati matupu.

Siku ya nane nikaona tone la oili chini ya gari. Nilifungua boneti. Mistari yote sita ilikuwa imekatika. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi.

Furaha ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba gari halikuwa limepita gereji tangu siku ile. Lilikuwa uani, geti limefungwa. Hata hapo sikumwachia fundi. Nilimwona akilini akiruka ukuta wangu na spana mdomoni, mzee wa watu mwenye magoti mabovu. Kesho yake niliamka mapema, nikasimama kwenye dirisha la jiko na kikombe cha chai, nimngoje.

Saa kumi na mbili na nusu mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka baba. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, anapapasa ukuta, maana macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Akalifikia gari, akainua boneti, akatoa spana mfukoni. Vidole vyake viliitafuta bolti ya kwanza, vikaivisha spana, akaiegemea kwa mwili wote mpaka ikasogea. Midomo ilikuwa inahesabu. Alipofika sita akashusha boneti kwa viganja viwili, taratibu, asiniamshe.

Enzi zake baba alishusha tangawizi kutoka Myamba kwa lori, na hakuwahi kuondoka kabla ya kuzunguka na spana kukaza kila kinachokazika. Alisema gari la mlimani hukazwa asubuhi, na aliwajua waliopuuza na kona walizoishia. Mwaka jana alipogonga nguzo ya geti nilimnyang'anya funguo. Spana sikuikumbuka. Na kila alfajiri, kwa mapenzi, alikuwa anaibana gasketi yangu mpaka inapasuka.

Nilitoka nje. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jumapili unapanda?"

"Napanda."

"Nimekukazia. Yule fundi wako mkono wake mwepesi, hakazi sawasawa. Alikuwa tanboi wangu, msaidizi wangu kwenye lori, nilimfundisha kazi mwenyewe, namjua. Usimwamini sana."

Nilimtazama, nikajua ugonjwa wangu niliurithi kwa nani.

Sikunywa hata ile chai. Niliendesha gari mpaka gereji, nikamkuta fundi anafungua kufuli.

"Ulijua," nikamwambia.

"Tangu mara ya pili. Bolti za katikati zilikazwa kuliko za pembeni. Anayeanzia katikati namna ile ni mtu mmoja tu, na ndiye aliyenifundisha."

"Mbona hukusema? Nimekuchafua mbele za watu."

"Ningesema nini, mwalimu? Kwamba mzee anaharibu gari? Ungemnyang'anya na spana."

Ningemnyang'anya.

Akachukua kipande cha bomba la shaba la friji bovu, akakata bushi fupi sita, yaani vipete, akazivisha kwenye matundu ya gasketi mpya. Bolti ikishafika kwenye bushi haibani tena, hata ukiiegemea. "Sasa akaze anavyotaka," akasema.

"Shikamoo, fundi," nikasema, kwa kuchelewa sana.

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Gari halivuji tena. Asubuhi nasikia boneti inainuliwa, nabaki kitandani mpaka ishuke. Daftari la malalamiko nililichoma. Wale wa kwaya niliwaeleza ukweli, wakasema haya, tumesikia, na magari ya waume zao bado wanayapeleka kwingine. Fundi wa pancha nimemfuata mara tatu. Nilimweleza habari ya baba, ya spana, ya bushi, mpaka ya rangi ya kucha. Alinisikiliza vizuri, akatazama upande wa ile gereji, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini fundi amenipa nini ili niseme hivyo.