Bango Juu ya Ufa

Kwetu mchezo hauishi mpaka mtu aambiwe anawe mikono. Hadithi inaweza kuwa ya mume aliyetoroka na shoga wa mkewe, watu wamerushiana masufuria, mama mkwe kazirai mara mbili. Dakika ya mwisho muziki unashushwa, na yule yule aliyekuwa akizirai anatokea kavaa nguo safi, anakukazia macho na kusema, "Ndugu mtazamaji, kipindupindu kinazuilika." Mimi nilikuwa nangojea hapo tu. Hadithi zenyewe nilikuwa nazijua kabla hazijaanza.

Aliyenitazama mimi alikuwa bibi yangu. Tulikaa wawili tu, ghorofa ya pili, Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya wakfu, si mali yetu, ambayo yeye aliingia akiwa bibi harusi. Wali ukishika chini, nilisimama mbele ya jiko, mikono nyuma kama ofisa, nikasema, "Ndugu mtazamaji, umeona madhara ya kupiga umbea huku moto unawaka. Tuhudumie wali wetu kwanza." Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mume wangu mwendawazimu," alisema. Kwa bibi, mjukuu wa kiume ni mume, na tangu babu afariki nilibaki mimi peke yangu kwenye cheo hicho. "Nani atakuoza wewe?"

"Nshaoa. Tatizo mke wangu anaunguza wali."

Kwa upuuzi huo ndipo nikapata kazi ya kuigiza. Bwana mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti Mwanakwerekwe alikuwa anatengeneza michezo mifupi ya kuchekesha, tukimwita Mkuu kwa sababu alipenda kuitwa Mkuu. Kila msimu watu wa mradi fulani walimletea ujumbe, naye aliubandika mwisho wa mchezo. Alikuwa na desturi yake: aliyekosea ndani ya mchezo ndiye anayerudi mwisho kufundisha. Na kwa kuwa mpumbavu wa kila mchezo nilikuwa mimi, ujumbe wote uliniangukia mimi. Niliwahimiza watu walale ndani ya chandarua, na mimi chandarua sikukilalia tangu darasa la nne. Niliwaambia wasitupe taka mtaroni huku mfuko wa urojo uko mkononi natafuta pa kuutupa. Hakuna aliyeniuliza. Maneno yaliandikwa, mimi kinywa tu.

Ilipokaribia masika ukaja ujumbe wa nyumba kongwe: ukiona ufa unaokua, toka, katoe taarifa kwa sheha wa mtaa wako. Mkuu akatunga mchezo wa bahili anayekataa kutengeneza nyumba, anatega mabeseni kila pembe, mwisho dari inaangukia biriani ya harusi ya binti yake. Akatafuta nyumba kongwe ya kupigia picha. Nikamwambia nnayo moja, tena ina mke wangu ndani.

Bibi aliamka kupika vitumbua kama anayepokea posa. Mkuu akasimamisha kamera sebuleni, akainama, akatazama, akanyanyua kichwa.

"Kijana, njoo. Ule ufa unaniharibia picha."

Ulikuwepo kweli. Ulianzia kwenye boriti, ukateremka ukuta wa upande wa kibla mpaka karibu na dirisha. Tulikuwa nao miaka, kama mtu anavyokaa na jamaa asiyesalimia.

"Si ndio ujumbe wenyewe, Mkuu?" nikamuuliza. "Huo ufa umekuja kuigiza bure."

"Ujumbe ni ulioandikwa. Watu wa mradi wanataka ukuta safi, bango lao lisomeke."

Bango lilikuwa la turubai, kubwa kama shuka, lina familia inayocheka na maneno Nyumba Salama, Familia Salama. Nikapanda kiti. Nililipigilia mwenyewe, misumari minne, juu ya ufa. Nakumbuka ukuta ulivyoipokea ile misumari. Nyundo ilikuwa haina kazi. Ilikuwa kama kuchoma kijiti kwenye mkate wa boflo.

Bibi alikaa kwenye mkeka chini ya bango, pembeni, nje ya picha, na birika lake la chai. Mimi nikavaa kanzu safi, nikasimama mbele. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili Bibi ndiye aliyecheka. Mara ya tatu nilikuwa nimefika "usikae kimya" pale kitu chepesi kilipoanza kunimwagikia begani. Mkuu akanipungia mkono niendelee. Nikaendelea mpaka mwisho, nimenyooka, nikitabasamu.

"Safi sana," Mkuu alisema. "Usijifute, unaonekana mtu wa kawaida."

Alipotaka kulibandua bango lake, Bibi alimzuia. "Liache, mwanangu. Linazuia upepo."

Mchezo ulitoka, watu wakaucheka, na walichokicheka zaidi ni bega langu. Skuli nikaitwa Mba. Nikipita kwenye ukumbi, mtu anasimama, mikono nyuma, "Ndugu mtazamaji, mba unazuilika." Na mimi nilicheka, maana ukishakuwa mchekeshaji huna ruhusa ya kununa. Lakini ile haikuwa mba. Ilikuwa chokaa, na siku ile nilipovua kanzu nilikuta na changarawe ndani ya kola.

Kisha mvua ikaanza.

Wiki ya kwanza bango lilitoka kitambi. Familia inayocheka ikanenepa, baba akawa na mashavu. Wiki ya pili nikaanza kusikia sauti nyuma yake, ndogo, ya mtu anayepepeta mchele: ksh, kimya, ksh. Nikawa nikirudi skuli, kabla sijavua viatu, napenyeza mkono nyuma ya turubai kupima. Kwanza kiliingia kidole. Kisha kiliingia kiganja, kikakuta hewa ya baridi, na nikakitoa upesi kana kwamba kuna mtu upande wa pili angeweza kukishika.

Nikamwambia Bibi.

"Bibi, ule ufa unakua. Tuhame."

Alikuwa anachambua mchicha. Akaweka mikono nyuma, akakaza shingo kama mimi, akasema, "Ndugu mtazamaji."

"Nasema kweli, Bibi."

"Na siku ile ulikuwa unasema kweli. Nilicheka mpaka mbavu zikauma."

Nikampigia mjomba wangu wa Kiembe Samaki, mtoto mkubwa wa Bibi, mwenye nyumba ya matofali na chumba kitupu. Nikamweleza lote, boriti, kiganja, sauti ya mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha nikasikia anacheka kwa pua.

"Hiyo nshaiona, mjomba. Mpaka wanangu wanaiga. Lete mpya."

Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi. Kila neno nililokuwa nalo la kusema nyumba inaanguka nilikuwa nimeshalitumia, nikiwa nimevaa kanzu, nikiwa na chokaa begani, na watu walishalicheka likaisha. Hata nilipojisemea mwenyewe kimoyomoyo, nilisikia muziki unashushwa.

Ijumaa moja, baada ya sala, nilirudi kutoka msikitini nikamkuta Bibi yuko kwenye msala wake. Msala ulikuwa pale pale siku zote, chini ya ukuta wa kibla, chini ya bango. Alikuwa amesujudu. Shela yake ilikuwa nyeupe, kwa hivyo sikuona mara moja. Nilipokaribia nikaona mgongoni mwake kuna vumbi, limekaa mstari mmoja mwembamba kutoka kisogoni mpaka kiunoni, na juu ya lile vumbi kokoto mbili tatu. Ksh, ikasema nyuma ya bango. Nyingine ikaangukia begani mwake. Hakutikisika. Aliendelea na tasbihi ya sijda taratibu, kana kwamba anatumia muda wa mtu mwingine.

Nilisimama nikihesabu pumzi zake. Mtu hakatizwi kwenye sala, na mimi sikujua kama huu ulikuwa wakati wa kukatiza. Alipotoa salamu upande wa kushoto, nilimshika mkono nikamvuta mpaka mlangoni, nikarudi, nikalishika bango kwa pembe ya chini nikalivuta. Misumari ilitoka bila ya kulia.

Mwanga uliingia sebuleni mahala ambapo hapajawahi kuwa na dirisha. Mkono ungepita mpaka kwenye kiwiko. Kwa upande wa pili niliona uchochoro, na kanga ya jirani imeanikwa inayumba kwenye kamba. Nikageuka nimwone Bibi atashtuka vipi.

"Nshauona," alisema.

"Lini?"

"Kabla yako. Wewe umeona turubai limevimba. Mimi nnausikia nikiweka paji la uso chini."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alikuwa anakung'uta shela, polepole, kokoto moja baada ya moja, anaziweka kwenye kiganja.

"Unamkumbuka yule bi wa nyumba ya mbele? Yeye alisema. Aliona ufa akaenda kutoa taarifa, kama ulivyofundisha wewe kwenye mchezo wako. Wakaja watu wa heshima zao, wakamwambia toka miezi mitatu, tutatengeneza, utarudi. Wakatia magogo ya kushikiza. Mpaka leo yuko Bwejuu kwa mwanawe, anasikiliza pweza wanavyopigwa mwambani. Sebuleni kwake umeota mpapai. Nimeuona unavyokua, dirishani kwangu hapa. Mwaka huu umezaa."

Niligeukia dirishani nikauona ule mpapai.

"Nyumba ya wakfu ukitoka umetoka, mume wangu. Rudishia bango."

"Bibi, litakuangukia."

"Rudishia. Na usimwambie mtu."

Nikalirudishia. Safari hii sikuhitaji nyundo.

Kesho yake nikaenda kwa sheha. Ofisi yake ilikuwa na benchi moja na watu watatu, na mmoja akanitambua akanipisha kwa heshima ya mzaha. Sheha akavua miwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si yule mwenye mba?"

"Ndiye."

"Haya, tupe ujumbe."

Waliokaa kwenye benchi wakajiweka sawa kusikiliza, mmoja akaanza kucheka. Nilikuwa na picha kwenye simu, niliyopiga asubuhi Bibi akiwa jikoni: mkono wangu wa kushoto umezama ukutani mpaka kiwikoni. Nikampa simu bila ya kusema neno. Aliitazama. Akaikuza kwa vidole viwili. Akamtazama yule aliyekuwa anacheka, na yule akaacha.

"Nani anakaa humu?"

"Bibi yangu. Anasali chini yake."

Walikuja mchana ule ule, mafundi wawili na sheha mwenyewe. Fundi mmoja alilinyanyua bango, akachungulia, akalishusha taratibu kama anayemfunika mtu shuka, na kuanzia hapo wote wakawa wanazungumza kwa kunong'ona, wakikanyaga kwa vidole. Bibi aliambiwa miezi mitatu. Alijibu naam. Alikusanya nguo, Msahafu, birika, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Tuliposhuka ngazi alimshukuru sheha, akawashukuru mafundi, akamshukuru mtoto wa jirani aliyebeba kikapu. Mimi alinipita.

Kiembe Samaki kila kitu ni kipya. Ukuta hauna hata mkwaruzo, nimeukagua wote. Ndege zikipita chini kushuka kiwanjani, mabati yanatetemeka, na Bibi anatazama juu kisha ananitazama mimi. Wiki nzima maneno yake kwangu yalikuwa matatu: kula, oga, zima. Nilijaribu kumchekesha. Siku moja mke wa mjomba aliunguza chapati, nikaona Bibi ananitupia jicho, nikaweka mikono nyuma, nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Juzi alasiri, mvua inanyesha, alinyoosha mkono.

"Niwekee ule mchezo wako."

Nikauweka kwenye simu, mwanzo, bahili anatega beseni la kwanza.

"Mbele. Sitaki mchezo. Nataka mwisho."

Nikampelekea mpaka mwisho. Muziki ukashuka. Nikatokea mimi, kanzu safi, na nyuma yangu sebule yetu: boriti, kipande cha dirisha, kabati la vikombe. Bibi akaisogeza simu karibu na uso.

"Sogea basi," alisema. Hakuwa ananiambia mimi niliye pembeni yake. Alikuwa anamwambia yule wa kwenye simu. "Kanizibia dirisha langu."

"Ndivyo alivyo yule, Bibi. Hana adabu."

Mdomo wake ulitaka kucheka, ukaghairi. Akarudisha nyuma, akaangalia tena, na mara hii na mimi niliangalia, si bega langu, bali nyuma yangu. Bango lilikuwa linapumua. Siku ile ile, kabla ya tone la mvua, mimi nikiwa nasema usikae kimya, lilikuwa linavimba na kurudi, linavimba na kurudi, kama kifua cha mtu aliyelala. Chini pembeni, mahala ambapo picha inaishia, ilionekana pua ya birika lake.

"Nimesahau msala wangu," Bibi alisema. "Kesho mvua ikikatika ntakwenda kuuchukua. Dakika mbili tu."

Mkono wake ulikuwa kwenye pindo la kanga, unaugeuzageuza ufunguo. Nje mvua haikuonesha kukatika. Nikasimama mbele yake. Mikono ikaenda nyuma yenyewe, kwa mazoea, na yeye akaninyanyulia macho, akangoja, kama alivyokuwa akingoja zamani wali ukishika chini.

Hakukuwa na kilichoandikwa.

"Usende, Bibi," nikasema. "Nakuomba."

Kisha akarudi kwenye simu, akakigusa kioo, na sauti yangu ikaanza tena, changamfu, imenyooka, inamwambia atoke.