Fulana Yenye Ndege ya Vita

Kule Kangle, mtaa wa karakana za nguo hapa Guangzhou, China, mwenye karakana ya fulana hapokei oda ndogo. Ukitaka akuchapie mchoro unaoutaka, lazima uchukue mzigo mkubwa, na mchoro uwe mmoja tu kwa mzigo wote. Wafanyabiashara wadogo kama sisi huungana. Tunakubaliana mchoro, tunaagiza pamoja, kisha kila mmoja anachukua sehemu yake na kuisafirisha nyumbani.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Hapa tunaitana kwa miji tuliyotoka, kwa hiyo wenzangu nitawaita Mwanza na Unguja, na mimi waliniita Dodoma. Mwanza ni mtu mnene mwenye sauti ya kwaya. Unguja ametuzidi umri, ni mwembamba na hula polepole sana. Yeye tulimwita Ami kwa heshima, kama baba mdogo. Tulikuwa tumeshachapa simba, mpira na miwani ya jua, na hatukuwahi kugombana juu ya mchoro.

Tuligombana wiki ile magaidi walipolipua hoteli katika nchi moja ya ng'ambo. Nchi yenyewe siitaji, kwa sababu kaka yangu bado yuko huko. Walikufa wapishi, wageni, watoto, na wanajeshi wa Marekani waliokuwa mapumzikoni. Marekani ikasema itajibu. Kuanzia siku hiyo, mgahawa wetu wa mtaa wa Xiaobei ukawa bunge.

Mwenye mgahawa ni mama wa Tanga. Ana televisheni moja, imebanwa ukutani juu ya friji ya soda. Tulikuwa tunakula wali na samaki habari ilipoanza.

"Wapige," Mwanza alisema. "Mtu akulipulie watoto wako, wewe ukae unamwangalia? Wale wana ndege inaingia, inapiga, inatoka, hata mbwa hajabweka."

"Na waliolala humo ndani ya nyumba?" Unguja aliuliza. "Nao wamelipua hoteli?"

"Ami, hiyo ni vita. Siyo harusi, kwamba utachagua wa kumwalika."

"Waliolipua ni makatili, mie siwatetei. Lakini kwani hao wakubwa wako nani kawaita kule? Nchi ya watu, wao wamejenga kambi. Warudi kwao, uone kama mambo hayatapoa."

"Wakirudi kwao, meli iliyobeba kontena lako ataisindikiza nani? Wewe na tasbihi yako?"

"Tasbihi yangu haijaua mtu."

Watu wakacheka. Mkongo mmoja wa meza ya dirishani akageuka. "Ninyi mnabishana ndege iende au isiende," alisema. "Kwetu watu wanauawa kila siku, na hatujaona ndege ya mtu."

Hapo kelele zikazidi, kila meza na hoja yake. Mama wa Tanga akagonga mwiko kwenye sufuria. "Anayetaka kupigana alipie chakula kwanza!"

Mimi nilikuwa naondoa miiba ya samaki. Mwanza alinigusa bega. "Dogo, wewe unaonaje?"

"Sijui," nilijibu.

Nilijua kitu kimoja ambacho wao hawakukijua. Kaka yangu alikuwa mlinzi katika kambi ya Wamarekani katika nchi hiyohiyo. Siyo mwanajeshi. Kampuni moja iliwachukua vijana kutoka nchi zetu, ikawafundisha, ikawapeleka kukaa getini na kwenye minara. Mama yetu anaamini analinda hoteli. Kaka aliniambia mimi peke yangu, akasema nisimwambie mtu, maana mkataba wake unakataza na Mama angeacha kulala. Kwa hiyo waliposema wapige, niliwaza magaidi watakapolipiza watapiga wapi. Na waliposema waondoke, niliwaza kaka atarudi nyumbani kufanya nini.

Siku iliyofuata Mwanza alikuja na wazo. Tuchape ndege ya vita, kubwa, kifuani, na bendera ya Marekani nyuma yake. Alisema nyumbani kila kijiwe kinabishana habari hiyohiyo, na vijana wa bodaboda wataigombania fulana hiyo kabla haijashushwa.

"Mie niitundike hiyo dukani kwangu Darajani?" Unguja alisema. "Watanipopoa mawe."

"Haya, wewe unataka nini?"

Unguja alitaka maandishi tu: Jeshi Lirudi Kwao.

"Nani atavaa hotuba?" Mwanza aliuliza.

Ikabaki mimi nikate shauri. Kwenye treni ya chini ya ardhi kutoka Sanyuanli, Mwanza alinikalia karibu na kunieleza uzuri wa ndege mpaka tukashuka. Mchana, Unguja naye alinisogezea kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda mwenyewe. Nilikila. Wote wawili walikuwa wananitazama.

Jioni kaka hakutuma ujumbe. Kwa kawaida akimaliza zamu hunitumia sauti, hata kama ni ya kulalamikia joto tu.

Kesho yake tulikwenda Kangle kabla sijampata. Kule njia ni nyembamba, na vitoroli vya umeme vilivyojaa majora ya vitambaa vinapita huku vinakupigia honi mgongoni. Laoban wetu, yaani bosi mwenye karakana, ni mama wa Kichina anayevaa futi ya kupimia shingoni kama mkufu. Kumbe Mwanza alikuwa ameshampigia simu. Mpwa wa laoban alikuwa amechora mfano, na fulana moja ilikuwa imekwisha kuchapwa, bado inanuka rangi.

"Pengyou, angalia!" laoban alituambia, akaitandaza mezani. Anatuita hivyo wote, rafiki, hasa siku anapotaka kumaliza kazi upesi.

Ndege ilikuwa imechorwa vizuri, siwezi kukataa. Ilikuwa inapaa huku inatoa moto nyuma. Chini yake kijana yule alikuwa ameongeza kambi kutoka kichwani mwake: uzio wa waya, taa, na pembeni mnara mwembamba wenye kibanda juu. Ndani ya kibanda aliweka kichwa cha mtu, doa jeusi tu.

Nililitazama lile doa. Laoban akatuuliza kama tunataka au hatutaki, maana meza ya kuchapia ilikuwa inangoja. Mwanza akanitazama. Unguja akanitazama.

"Bu yao," nilimwambia laoban. Sitaki. Ndilo neno la Kichina tunalolisikia zaidi sokoni, lakini mimi sikuwa nimewahi kulisema kwa sauti.

Unguja akatabasamu. "Umemsikia? Sasa tuandike maneno yangu."

"Na maneno pia sitaki, Ami."

Mwanza akacheka. "Dogo, wewe uko upande gani?"

Niliweka kidole kwenye mnara. "Kaka yangu anakaa humu," nilisema. "Kambi kama hii. Ni mlinzi. Wakipiga, watarudishiwa mapigo yeye akiwa juu hapa. Wakiondoka, hana kazi, na ndiye anayesomesha wadogo zetu. Sina upande. Nataka ashuke zamu salama."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, na cherehani zilikuwa zinalia nyuma yetu, lakini walisikia. Mwanza aliikunja ile fulana, akaigeuza ndege iangalie chini. Unguja aliniuliza, "Amekupigia?"

"Tangu jana, bado."

Laoban hakuelewa Kiswahili, akadhani tunagombania bei. Akaleta kitabu chake cha michoro na kuanza kukifunua kwa hasira. Tulichagua pikipiki nyekundu. Mwanza mwenyewe ndiye aliyesema, "Hii. Vijana wa bodaboda ni walewale." Unguja hakupinga. Hakuna aliyeniuliza mimi, nami nilishukuru.

Jioni ileile Marekani ilipiga kweli. Tuliona moto kwenye televisheni ya Mama wa Tanga, halafu tukasikia kwamba kambi zao nazo zimerushiwa makombora. Mgahawa ulijaa, kila mmoja na jeshi lake. Mimi nilikaa meza ya jikoni, simu mbele ya sahani. Mwanza, mtu ambaye hakosi taarifa ya habari, alisimama akamwomba Mama wa Tanga apunguze sauti. Watu wakamzomea.

"Punguza, Mama," alirudia. Kisha akaja kukaa nami. Unguja alikuwa ameshakaa upande wa pili, midomo yake inasema kitu taratibu, chakula hakigusi.

Simu ilipotetemeka, ilikuwa sauti ya kaka. Nilifungua bila kuiweka sikioni, nao wakasikia. Alisema wametolewa kwenye minara na kuingizwa kwenye handaki, na simu zilikuwa zimekusanywa. Kilichopigwa ni bohari la ng'ambo ya uwanja. Yeye ni mzima, ila mgongo unamuuma kwa kukaa. Mama yetu asiambiwe.

"Alhamdulillahi," Unguja alisema, akavuta sahani yake.

Mwanza alifuta uso kwa kiganja. Kisha akaniinamia. "Dogo, hiyo kampuni bado inaajiri? Nina mdogo wangu yupo tu nyumbani."

"Huna haya!" Unguja aliruka. "Juzi uliwaambia wapige, leo unampeleka mdogo wako akapigwe?"

"Nampeleka kazini! Wewe si ulitaka waondoke? Wangeondoka, huyu kaka wa Dodoma angekula nini?"

"Angekula kwao!"

"Kwao kuna nini?"

Mkongo wa dirishani naye akasogeza kiti. Mimi nilianza kumjibu kaka. Siwezi kutuma sauti mbele za watu, na kuandika kwangu ni kwa polepole, natafuta herufi mojamoja. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Huko aliko, simu yake ilikuwa inamwonyesha kwamba ninaandika. Akatuma neno moja.

"Nangoja."