Orval na Meno ya Gobori

Mume wangu Orval Dettwiler hajui kukaa. Nimeishi naye tangu nywele zake zikiwa nyekundu, na sijamwona akimaliza kikombe cha kahawa kwenye kiti kilekile. Kanisani anachagua benchi la nyuma, ili mahubiri yakirefuka atoke akakague matairi ya magari ya watu. Alipokuwa fundi wa matrekta hapa Ohio, hiyo ilikuwa sifa. Alipostaafu ikawa ugonjwa, na dawa yake akaamua ni singe kuukuu, kile kisu cha kuvishwa mdomoni mwa bunduki.

Chanzo ni gobori lililotundikwa sebuleni kwetu. Babu wa babu yake alirudi nalo kutoka jeshini, na singe yake juu. Akina Dettwiler hawatupi kitu, ila wanapoteza kila kitu. Walikuwa wakiichoma singe ile ardhini malishoni wamfungie ng'ombe, mpaka siku moja ng'ombe akaja nyumbani peke yake, bila singe. Na magobori ya enzi zile hayakuwa mapacha. Fundi alikaa na tupa akaichonga pete ya kitako cha singe mpaka ikaukubali mtutu mmoja tu. Ukiipeleka kwenye mtutu mwingine, ama inakwama ama inacheza. Baba mkwe wangu alikuwa akisema gobori lake ni mzee asiye na meno. Alipokuwa mahututi, Orval alimwahidi kwamba ataitafuta singe ileile mpaka aipate.

Basi kila kwenye soko la silaha za kale, sisi tupo. Gobori ni zito na Orval ana haraka, kwa hiyo alichonga kijiti cha mti mgumu, kinene sawasawa na mdomo wa mtutu, akakitia mfukoni. Anakwenda meza hadi meza. Anachomeka kijiti kwenye pete, anatikisa, anairudisha singe mezani, anaondoka. Wauzaji wanamwita Daktari wa Meno. Nyingine hununua kwa sababu eti zilikaribia, nami nazifuta vumbi. Kuzing'arisha ni mwiko. Ile rangi ya kahawia ya chuma cha kale ukiisugua, kwa wakusanyaji umemchuna mtu ngozi.

Machi iliyopita pete moja iliingia kwenye kijiti, ikazunguka, ikatulia. Orval hakuirudisha mezani. Mwenye meza alikuwa amekwenda kula, na binti yake aliagizwa asiuze kitu mpaka arudi. Sasa, masoko haya yana sheria moja ambayo haijaandikwa popote: kitu kikiwa mkononi mwako hakuna wa kukigusa, ukikiweka mezani umekiacha. Pembeni akasimama Lamar Kessinger, mikono nyuma, kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Huyu naye ni mkusanyaji. Miaka yote kazi yake ni kumfuata Orval na kununua anachokiweka chini.

"Mkono hauchoki, Orval?"

"Unachoka. Nina wa pili."

"Choo kiko kule nyuma. Nakwambia kama rafiki tu."

Orval alikuwa amekunywa kahawa njia nzima. Akaanza kucheza na mguu mmoja, kisha na wote. Mwishowe akanipa mimi ile singe, akaniambia nisiiweke chini hata paa likianguka, akatimua mbio.

Kessinger akanigeukia na tabasamu. "Shemeji, kutu hiyo itakuchafulia koti. Iweke tu hapo upumzike."

"Lamar, nimembeba Orval maisha yangu yote. Hiki ni kijiko."

Mwenye meza akarudi akilamba vidole, tukainunua, tukaenda nyumbani bila kusimama popote.

Orval aliliangusha gobori sofani bila kuvua viatu. Pete ikagusa mdomo wa mtutu, ikagoma. Akasukuma, akazungusha, akapuliza. Wapi. Ndipo akakipima kijiti, akakuta ni chembamba kuliko mtutu. Kilikuwa kimelika mfukoni kwa kusuguana na funguo, na ndani ya pete zote zile za chuma. Maana yake ni kwamba singe ya kweli, kama iliwahi kufika mkononi mwake, ilicheza kwenye kijiti, naye akairudisha mezani.

Alizunguka jikoni na tupa mkononi.

"Nikiichonga kidogo tu kwa ndani, itaingia. Nani atajua?"

"Wewe. Halafu hutalala, na mimi ndiye nitakayenyang'anywa blanketi."

Akaitazama ile tupa. "Mzee hakuniagiza meno ya bandia," akasema, akaitupia kwenye droo.

Mimi nikamuuliza swali moja: hizo alizoziweka chini, nani alikuwa akiziokota? Uso ulimbadilika rangi. Angekubali kumeza msumari kuliko kumpigia simu yule mtu, lakini alipiga, akiwa amesimama kwenye ngazi za nje. Kessinger alicheka mpaka nikamsikia mimi niliyekuwa kwenye sinki. Kisha akasema zote anazo, ukuta mzima, hakuuza hata moja. Aje na gobori lenyewe. Ila ikipatikana inayofaa, hiyo ndiyo watakayoizungumzia bei, na hatakuwa mpole.

"Atanichuna," Orval akaniambia.

"Atakuchuna vizuri sana."

Alikwisha kulifunga gobori kwenye blanketi letu la kitandani. Nilipotoka nikitafuta mkono wa koti, pikapu ilikuwa inarudi nyuma, mlango wangu wazi.